Wataalamu Wanne wa Shingo Yangu, na Mama Mkwe

Ijumaa, mwezi wa tano, 1993
Nyamasaria

Mvua imenyesha tangu alfajiri na bado haijachoka. Ni saa tisa mchana. Shajara, nivumilie leo, naandika kwa mkono wa kushoto na herufi zimelaliana kama walevi. Mimi huyu, ambaye maduka mengi ya Kisumu yana kibao kilichotoka kwenye brashi yangu.

Mkono wa kulia uko hapa mezani, kando ya daftari. Nauona. Zaidi ya hapo sina la kusema juu yake.

Nimekuwa na siku nyingi mbaya, lakini hii imezishinda zote, na ajabu ni kwamba tangu asubuhi mkono haujaniuma hata kidogo. Hilo ndilo linanitisha.

Ngoja nianze mwanzo. Nikiruka hatua nitajidanganya tena, na kujidanganya ndiko kumenifikisha hapa.

Kazi yangu ni kuandika vibao: hoteli, kinyozi, duka la mbegu, mlango wa lori, ubavu wa mashua kule Asembo Bay. Miaka kumi na minne nimekuwa juu ya ngazi, shingo nimeilaza nyuma, au nimejikunja kando ya mashua, shingo chini. Maumivu yalianza katikati ya mabega, kana kwamba mtu ameweka kidole pale akasahau kukitoa. Yakapanda shingoni, kisha yakashuka hadi kiunoni. Asubuhi mke wangu Atieno alikuwa ananivuta kwa mikono yake miwili ili nitoke kitandani, na tulikuwa tunacheka. Wakati huo tulikuwa bado tunacheka.

Mtaalamu wangu wa kwanza alikuwa daktari wa kituo cha afya. Nilipanga foleni tangu saa moja, na nilipofika mezani hakuinua macho wala shati langu. "Mzee, hiyo ni kazi tu. Pumzika." Akaniandikia dawa za maumivu, nami nikazimeza mpaka tumbo likaanza kuniunguza. Kupumzika sikuweza. Ngazi haijipandi yenyewe.

Wa pili alikuwa daktari wa mifupa mjini, ana kliniki ghorofani. Huyu alikuwa mtu makini, sitamsingizia. Alinipiga picha ya eksirei, akaiinua kwenye taa, akanionyesha kwa kalamu mahali ambapo pingili mbili za shingo zimesagika. Alisema huenda mshipa wa fahamu umeanza kubanwa. Alinivalisha kola nyeupe ya shingo na kuniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, Nairobi. "Usingoje," aliniambia.

Nilingoja.

Neno upasuaji lilinitoa jasho. Kwetu Maragoli kulikuwa na habari za mtu aliyepasuliwa mgongo akarudi nyumbani amebebwa. Hakuna aliyejua jina lake wala kijiji chake, lakini kila mtu alikuwa amezisikia habari zake, na mimi nikaziamini kuliko daktari aliyesimama mbele yangu. Barua nikaificha katikati ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Kola niliivaa kazini, na watu wa stendi wakaanza kuniita Padri. "Father, tuombee! Father, bariki hii gari!" Wiki mbili hazikuisha nikaivua na kuitupa chini ya kitanda. Nakiri hapa, maana kwingine siwezi: niliacha matibabu kwa sababu ya kuchekwa na makanga.

Wa tatu alikuwa msichana wa mazoezi ya viungo katika hospitali moja. Mpole, mikono yake ya joto, ana subira kuliko mwalimu wa chekechea. Alitaka niende mara tatu kwa wiki. Nikaenda mara nne zote kwa jumla. Baada ya ile ya nne nililala usiku mzima bila kugeuka, kwa hiyo nikajiona nimepona na sikurudi tena. Sikumuaga hata.

Sasa wa nne. Huyu sijawahi kumwandika hapa, na mpaka leo asubuhi Atieno alikuwa hamjui.

Mwaka jana alinijia mtu aliyekuwa amefungua chumba karibu na njia panda ya Mamboleo. Alitaka kibao kikubwa cha kuonekana kutoka barabarani. Maneno aliyonipa ni haya: Mtaalamu wa Mgongo na Shingo. Nilipopima herufi, nafasi ikabaki chini, na mimi sipendi ubao wenye pengo. Nikamuuliza tuongeze nini. Akasema, "Wewe ndio fundi, weka kitu mzuri." Nikaongeza: na Mishipa Yote ya Fahamu. Niliyaandika kwa rangi nyekundu, nikayatia kivuli cheusi. Pembeni palihitaji mchoro, kwa hiyo nikaenda nyumbani nikachukua ile picha yangu ya eksirei na kunakili mifupa. Uti wa mgongo ulio kwenye kibao kile ni wangu mimi.

Kilikuwa kibao kizuri. Nilirudi nyuma hatua kumi, nikakitazama, nikajipongeza.

Miezi mitatu baadaye maumivu yalikuwa yamerudi kwa hasira. Nilikuwa natembea Mamboleo na kopo la rangi mkononi, nikainua macho kwa shida, nikakisoma. Nilikisoma kama mpita njia yeyote. Nikajiambia: huyu mtu anajua, ameandika mpaka mishipa. Naapa ndivyo nilivyojiambia. Maneno yale niliyatunga mimi ili kuziba pengo la ubao, na sasa yakaniingiza mlangoni.

Alinipokea kama ndugu yake. Akanikalisha kwenye kigoda, akanishika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine. "Legeza, fundi," akasema. Kisha akazungusha. Shingo ililia kama muwa unapovunjwa. Moto ukatoka begani ukashuka moja kwa moja hadi kwenye kidole gumba. Yeye akacheka. "Umesikia? Hiyo sasa imerudi place yake."

Nikamshukuru. Nilimshukuru mtu yule!

Nyumbani nilisema nimetoka kazini. Wiki ya tatu brashi iliniponyoka nikiwa katikati ya neno. Nikaiokota, ikaniponyoka tena. Tangu hapo kidole gumba na viwili vinavyokifuata vimekuwa vikizimika kidogo kidogo. Siwezi kufunga kifungo cha shati. Nilimwambia Atieno ni ile dawa ya kuoshea rangi imeniunguza ngozi, naye akaitikia "haya", na akawa ananifungia vifungo kila asubuhi bila kuuliza zaidi. Mimi nikafikiri ameniamini.

Mashua mbili zinaningoja ufukweni zikiwa hazina majina. Mkono huu ukifa, mimi ni nani? Sijasomea kitu kingine. Sina shamba la maana. Nina herufi tu, na sasa herufi zimenitoka vidoleni.

Sasa nifike kwa mama mkwe.

Mama yake Atieno anakaa Asembo Bay, na ufuo mzima unamjua kwa mikono yake. Wavuvi walioteguka bega wanapelekwa kwake. Wanawake waliobeba beseni za samaki kichwani mpaka shingo zikakauka wanakwenda wenyewe, wanarudi wakigeuka huku na huku kama ndege. Hana kibao wala chumba. Anakandia watu uani kwake, na akiona jambo limemshinda anasema limemshinda. Mara nyingi nimekuwa nimepiga magoti kando ya mashua, brashi mkononi, nikisikia watu wakimsifu juu ya kichwa changu, nami nainama zaidi kwenye kazi.

Ningefanya nini? Ni mama mkwe. Waluo wa Asembo na sisi Wamaragoli tunabishana karibu kila kitu, lakini kwa hili tumeelewana: mwanamume havui shati mbele ya mama wa mkewe. Hamshiki mkono, hali naye meza moja, hamtazami usoni, na hathubutu kumwambia kwamba anaumwa kiuno. Naye mama haingii ovyo kwa mkwe wake wala halali kwake. Miaka kumi na moja ya ndoa tumesalimiana kwa mbali, sote tukitazama ardhi. Nilikuwa najivunia. Watu walisema Atieno ameolewa na mtu mwenye adabu.

Mwaka juzi Atieno aliniuliza kwa sauti ya chini, "Nimwambie Mama?" Nikamkaripia. Nilisema heri nife na shati langu mwilini. Wakati huo nilidhani nimesema kitu cha kuchekesha.

Leo saa nne asubuhi jirani yetu, Mama Akoth, alikuja mbio amejifunika karatasi ya nailoni kichwani. "Baba Akinyi, kuna mgeni kwangu. Amekataa kuingia kwako. Anasema umfuate." Nilijua kabla hajamaliza. Atieno hakuwa nyumbani, na sasa nilielewa alikokwenda na nani alikuwa amemwita mama yake.

Nyumba ya Mama Akoth ina vyumba viwili vilivyotengwa kwa pazia la maua. Nilimkuta Atieno amesimama kando ya pazia, macho mekundu. Chini ya pazia niliona viatu vya mpira vilivyojaa matope ya safari. Nikatazama pembeni haraka.

"Baba Akinyi, habari ya asubuhi," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Nzuri, Mama. Karibu Nyamasaria."

"Nimekaribia. Nimekuja na aibu yangu, na wewe kaa na yako. Toa shati. Mimi sioni. Huyu ndio ataona."

Atieno akanifungua vifungo, kama anavyonifungia kila siku.

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Sauti ilikuwa upande ule, vidole vya mke wangu upande huu, na mgongo wangu katikati.

"Tafuta mfupa ile imetokeza chini ya shingo. Umeipata? Shuka moja. Finya kando yake. Anasema nini?"

"Anasema inauma, Mama."

"Ikiuma ni vizuri. Wewe, usifinye kama unakanda ugali! Polepole. Upande ingine."

Mama Akoth alikuwa kwenye kona anachambua mchele ambao nadhani alishauchambua jana. Mara mbili nilimsikia akizuia kicheko. Hata mimi kidogo nicheke. Mke wangu alikuwa anapita pingili moja baada ya nyingine, na mama yake anauliza mambo ambayo hakuna mtu aliwahi kuniuliza. Nalalia upande gani? Nikiwa kwenye ngazi nashika kwa mkono upi? Maumivu yanaanza kabla ya chai au baada?

"Mwambie aweke hiyo mkono juu ya kichwa. Moto ya bega inapungua?"

Niliweka. Ulipungua. Kwa miezi yote hii nimekuwa nikilala na mkono kichwani bila kujua kwa nini, na mama huyu amelijua hilo bila kuniona. Nilihisi machozi. Nilijiambia: umefika, mjinga wewe, hatimaye umefika kwa mwenyewe.

Kisha akasema, "Afunge macho. Shika kidole kubwa yake. Anasikia?"

Nilifunga macho nikangoja.

"Ya pili. Na ya tatu."

Nikaendelea kungoja. Mvua ilikuwa inapiga mabati. "Haya, shika basi," nikamwambia Atieno.

Nilipofumbua macho nilimkuta amevikamata vidole vyangu vyote vitatu, amevibana mpaka kucha zake zimekuwa nyeupe. Akafinya na kiganja; nako sikusikia kitu.

Nyuma ya pazia kiti kililia kidogo. "Kuna mtu alizungusha shingo yake?"

"Hapana, Mama," Atieno akajibu upesi, akinitetea.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza, na hilo naliandika ili nilikumbuke. "Ndiyo, Mama," nikasema. "Kuna mtu Mamboleo." Nikamweleza yote, hata kibao, hata maneno mekundu, hata mifupa yangu iliyochorwa pale. Mkono mmoja wa Atieno ulikuwa bado begani mwangu. Haukuondoka, lakini niliusikia ukiwa mzito, na hajasema neno nami tangu dakika ile.

"Vaa shati," mama mkwe akasema.

Nikavishwa.

"Baba Akinyi, hii si yangu. Mkono ikilala hivi, mtu akiikanda anaimaliza. Usikubali mtu ashike hiyo shingo tena, hata akuje na Biblia. Hii ni ya daktari wa kupasua, ule wa mishipa. Na hata kwa yeye umechelewa."

Nikamwambia ninayo barua. Nikamwambia ina umri gani.

Sijui nilitoa wapi ujasiri wa kuuliza. "Mama, kama ningekuja kwako mapema?"

Alipojibu, sauti haikuwa tena ya mtaalamu.

"Nilikuona siku ya kumaliza matanga ya mzee wangu. Watu walikuita nyuma, ukageuka mwili mzima, shingo imekataa. Nilikuwa jikoni, nikajua. Nikasema, mimi ni nani nimwambie mkwe wangu atoe shati? Watu watasema nini? Nikanyamaza, nikapakua chakula. Hiyo siku ilikuwa yangu. Ningekanda wiki tatu, nne, ingeisha. Nyathina, nisamehe."

Nyathina. Mtoto wangu. Hajawahi kuniita hivyo.

Matanga ya baba mkwe yalikuwa miaka miwili iliyopita. Miaka miwili! Alijua kinachoniuma, nami nilijua anajua kazi. Tulipishana uani kwake mara ngapi? Krismasi mbili, harusi moja, ubatizo wa mtoto wa shemeji. Kila mara tumeinamisha vichwa na kupitana kwa heshima, huku mshipa unabanwa. Kisha nikaenda kumpa shingo yangu mtu nisiyemjua, kwa sababu alikuwa na ubao mzuri niliouandika mwenyewe.

Nataka kumkasirikia mtu. Nimejaribu mchana kutwa. Yule wa Mamboleo namkasirikia, ndiyo, lakini nikifika kwake nakuta rangi yangu ukutani. Na wengine wanaopita pale na shingo zinazouma, wanasoma, wanaingia. Wangapi? Siwezi kuliwaza jambo hilo kwa muda mrefu, kichwa kinagoma. Mama mkwe siwezi kumkasirikia. Alifanya kile ambacho mimi mwenyewe ningemsifu kwa kukifanya.

Daktari wa mifupa aliniambia nisingoje. Msichana wa mazoezi aliniambia nirudi. Nilikuwa na watu wawili waliojua na wa tatu aliyekuwa ndani ya ukoo wangu, na kati ya wote nikamchagua asiyejua kitu.

Atieno yuko chumba cha pili, anapanga nguo zangu kwenye begi. Basi ni Jumapili jioni. Ameipata barua kwenye kitabu cha nyimbo, ameisoma tarehe, ameiweka juu ya begi mahali ambapo lazima niione. Binti yetu Akinyi amemuuliza mama yake Baba anaenda wapi, akajibiwa, "Kazini." Sasa Atieno naye amejifunza kusema hivyo.

Sina matumaini. Nasema wazi, maana hapa hakuna wa kumtia moyo. Nadhani watanipasua na mkono utabaki hivi hivi. Nadhani nitarudi hapa kuwa mtu wa kushikiwa ngazi, halafu mtu wa kukaa mlangoni. Bado nitakwenda. Ningeogopa mapema, ningekwenda mapema. Sasa naogopa kuchelewa na nakwenda nimechelewa.

Kuna jambo moja sijalimaliza, na sitaki kulilalia.

Mama mkwe alikataa chai, akasema apate gari kabla barabara haijaharibika. Nilikuwa nimekaa nikiinama, nikingoja apite nyuma yangu atoke. Hakupita nyuma. Pazia lilisogea, na vile viatu vya matope vikaja kusimama mbele yangu. Mama Akoth akasema "Yaye!" na sinia la mchele likatulia. Nilikaza macho sakafuni. Mama akainama akauchukua mkono wangu wa kulia, akauweka kati ya viganja vyake viwili.

"Unasikia?" akauliza.

Niliviona vidole vyake vikitembea. Vilianzia kwenye kifundo cha mkono, vikapanda kidole gumba, vikafinya kila kiungo kwa zamu, kwa ule ustadi ambao watu wanausafiria. Viganja vyake lazima vilikuwa na joto. Lazima vilikuwa na sugu.

"Nasikia, Mama," nikasema.

Akanitazama mpaka nikainua uso, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja tukatazamana. Alijua. Akaushika mkono ule kwa muda mrefu, kisha akaurudisha polepole mpaka juu ya goti langu, akahakikisha umekaa, maana mimi nisingejua kwamba ameuachilia.

Jumatatu daktari wa Nairobi atauchukua mkono huu huu na kuniuliza swali hilo hilo. Yeye nitamwambia kweli.